Zamu ya Maji: Neema, Amana na Kazi ya Familia

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeyateremsha maji kwa kipimo akayatuliza ardhini, naye ni Muweza wa kuyaondoa. Sala na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na ahli zake, na masahaba zake, na kila aliyeishika njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, katika neema ambazo mwanadamu huzisahau upesi ni neema ya maji. Mtu anayeishi mjini, awe yuko Muscat, Dubai au London, hufungua bomba akapata maji wakati wowote autakao, na huenda akamaliza mwaka mzima bila ya kujiuliza yametoka wapi. Lakini mkulima wa nchi kavu hasahau. Kwake yeye maji yana saa yake, yana mwenyewe, na yana hesabu. Kwa sababu hiyo shamba kavu ni madrasa, na familia inayolimwagilia kwa pamoja hujifunza humo mambo ambayo ni tabu kuyajifunza penginepo: kushukuru kwa vitendo, kusaidiana, na kujiepusha na haki ya mtu hata ikiwa ni ndogo.

MAJI NI NEEMA NA NI MTIHANI

Mwenyezi Mungu amebainisha katika Surat al-Anbiyaa, aya ya 30, kuwa kila kilicho hai amekijaalia kutokana na maji. Na mwisho wa Surat al-Mulk amewauliza waja swali ambalo hapana awezaye kulijibu ila kwa kukiri udhaifu wake: yakidindia maji yao chini ya ardhi, ni nani atakayewaletea maji yanayobubujika? Mwenye kuishi karibu na mto mkubwa huenda akalisoma swali hili akapita. Ama aliyeuona mfereji wa mji wake ukipungua siku baada ya siku, analijua swali hili kwa macho yake.

Na maji, kama zilivyo neema zote, ni mtihani vile vile. Kaumu ya Nabii Saleh (A.S.) walitahiniwa kwa zamu ya maji. Waliamrishwa wamwachie ngamia siku yake ya kunywa, nao wawe na siku yao, jambo lililotajwa katika Surat ash-Shu'araa na Surat al-Qamar. Hawakukatazwa maji, waliamrishwa waheshimu zamu tu. Wakashindwa na zamu, wakamwua ngamia, yakawafika yaliyowafika.

Na katika Surat al-Qalam, kuanzia aya ya 17, kimetajwa kisa cha watu wa bustani. Hawa walikuwa na shamba lililoneemeka, wakaapa kuwa watalivuna alfajiri mapema ili masikini asiwaingilie. Wakatoka wakinong'onezana njiani. Walipofika walikuta balaa limekwisha kulizunguka usiku nao wamelala, na shamba limekuwa jeusi. Ni vyema izingatiwe kuwa watu hawa walikuwa wakifanya kazi kwa pamoja, kwa umoja na kwa bidii. Umoja wao haukuwafaa kitu kwa sababu waliungana katika kuzuia haki. Basi kusaidiana peke yake hakutoshi kuwa ni wema. Hapana budi kusaidiana kuwe katika wema na ucha Mungu, kama ilivyoamrishwa mwanzoni mwa Surat al-Maida.

FALAJI NA UGAWAJI WAKE

Hapana pahala panapoonekana maana hii wazi zaidi kuliko katika miji ya ndani ya Oman. Huko mvua ni haba. Katika sehemu nyingi haipindukii milimita 100 kwa mwaka, ilhali kisiwa cha Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500. Juu ya hayo, watu wameishi huko kwa karne nyingi, wakapanda mitende, ndimu, ngano na vitunguu. Wameyaweza hayo, baada ya tawfiki ya Mwenyezi Mungu, kwa njia ya falaji.

Falaji ni mfereji unaoyachukua maji kutoka mbali na kuyafikisha mashambani kwa mteremko wa ardhi tu, bila ya mashine. Zipo za namna tatu. Falaji ya Daudi huanzia katika kisima kikuu chini ya mlima, kiitwacho mama wa falaji, kisha hupita chini ya ardhi kwa handaki lililochimbwa kwa mikono, lenye visima vya kuingilia mafundi kila baada ya masafa. Falaji ya ghaili huchukua maji ya juu juu ya bonde, na falaji ya aini hutoka katika chemchemi. Zaidi ya falaji 3,000 zingali zikifanya kazi, na mwaka 2006 shirika la UNESCO lilizitia tano kati yake katika orodha ya urithi wa dunia, mojawapo ikiwa ni Falaji Daris ya Nizwa.

Maimamu wa Oman waliihesabu kazi hii kuwa ni katika kuwatumikia Waislamu. Imam Seif bin Sultan al-Yaarubi, aliyetawala tangu mwaka 1692 hadi 1711, anakumbukwa kwa kuzifufua falaji na kupanda mitende kwa maelfu kama anavyokumbukwa kwa merikebu zake. Mtawala aliyelitia jembe ardhini hakuona kuwa ameshuka daraja.

Lililo kubwa zaidi kuliko uchimbaji ni ugawaji. Pale maji yanapotokeza juu ya ardhi, mahitaji ya kwanza ni ya kunywa, na hapo hapana mwenye kuzuiliwa, mwenyeji wala mpita njia. Kisha maji hupita penye kutawadhia na kuogea, na baada ya hapo ndipo yanapoingia mashambani kwa zamu. Zamu hupimwa kwa muda, na kipimo chake huitwa athari, nacho ni kiasi cha nusu saa. Mtu hurithi athari, hununua athari, hukodi athari, na huweka athari wakfu kwa ajili ya msikiti, madrasa au falaji yenyewe. Zamani saa za mchana zilijulikana kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa pahala pa wazi, na za usiku kwa kuchomoza na kuchwa kwa nyota. Siku hizi wengi hutumia saa ya mkono. Msimamizi wa falaji ni wakili wake, na mwenye kuzijua zamu na kuwatangazia watu ni arifu. Maji yanapopungua hapungukiwi mtu mmoja: muda wa kila mmoja hubaki ule ule, na upungufu wa maji huwafikia wote. Ndipo wakulima wanapoyaacha makonde ya mazao ya msimu, wakayahifadhi maji kwa ajili ya mitende.

Mpango wote huu umesimama juu ya kitu kimoja, nacho ni amana. Mlango wa maji ni jiwe na matambara na udongo kidogo. Hauna kufuli. Mtoto wa miaka saba anaweza kuuzibua usiku, na hapana wa kumwona ila Mola wake.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na upigwe mfano wa nyumba moja katika miji hiyo, kwani mfano huyaleta mafunzo karibu.

Mzee wa nyumba hii alizaliwa Pemba, katika shamba la mikarafuu, ambako masika na vuli huja bila ya kuitwa. Alirejea katika mji wa mababu zake baada ya mwaka 1970, kama walivyorejea wengi, akaikuta sehemu ya marehemu baba yake ingali imeandikwa katika daftari la falaji: athari mbili, yaani saa moja ya maji kila baada ya siku nane. Shamba lenyewe lilikuwa mwisho wa mfereji, pahala pakavu, lenye mitende na midimu michache. Mkewe, aliyezoea mvua, alisema siku za mwanzo kuwa hajapata kuona nchi ambayo maji yana ratiba. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa mwangalifu wa ratiba hiyo kuliko wote.

Usiku wa zamu nyumba nzima ilikuwa ikiondoka pamoja. Mama na binti yake walitangulia kufagia majani makavu mferejini, kwani jani moja lililokwama huyapoteza maji. Mtoto wa kiume wa pili aliuzibua mlango saa ilipotimia. Kaka yake mkubwa, aliyefanya kazi Muscat na kurejea mwisho wa wiki, aliyaongoza maji kwa jembe kutoka jaruba moja hadi jingine. Wajukuu walisimama kila mmoja penye shina lake, na jaruba lilipojaa walilia, "Limejaa, Babu!" likafungwa kwa udongo. Binti mdogo, wa miaka kumi, alishika taa na saa. Mzee alisimama kati akihesabu. Hapana aliyekuwa hana kazi, na hapana aliyeweza kuifanya kazi ile peke yake; kwani akilala mmoja, mtende wa mwisho haufikiwi na maji, na zamu nyingine ni siku nane mbele.

Ikaja miaka ya ukame. Mwaka wa kwanza waliacha kupanda ngano. Wa pili waliacha vitunguu na majani ya mifugo. Wa tatu makuti ya mitende ya mwisho wa shamba yakaanza kugeuka rangi. Maji yaliyokuwa yakijaza majaruba yote kwa saa moja sasa hayakufika hata nusu yake.

Usiku mmoja mzee alikuwa na homa, akabaki nyumbani. Mtoto mkubwa akasimama mahali pake. Zamu iliyotangulia yao ilikuwa ya mayatima watatu wa jirani, na ami yao aliyekuwa akiwasimamia alikuwa amekwisha kujaza majaruba ya karibu akaenda kuyafungua ya mbali, hata taa yake haikuonekana. Kijana akayatazama maji yanavyopita mbele ya mitende ya baba yake inayokufa. Akaitazama saa. Ilikuwa bado robo saa. Akauzibua mlango. Ndugu yake aliona, akanyamaza. Mama yao alikuwa upande wa pili wa shamba. Usiku ule maji yalifika mpaka shina la mwisho, na wajukuu wakafurahi.

Baada ya sala ya alfajiri mzee aliuliza vipi zamu ilivyokwenda. Binti mdogo, ambaye hakujua kuwa pana la kufichwa, alimjibu kuwa maji yalitosha kwa sababu walianza mapema. Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akamwita mtoto wake mkubwa.

"Mapema kiasi gani, mwanangu?"

"Robo saa, Baba."

"Na maji yalikuwa ya nani?"

Kijana hakujibu, kwani jibu alikuwa nalo tangu usiku.

Mzee hakupiga kelele, wala hakumtukana mwanawe mbele ya wadogo zake. Alitaka fimbo yake, akatoka naye na homa yake, wakaenda kwa arifu, kisha wakaenda kwa ami wa mayatima. Kijana ndiye aliyeyasema makosa yake kwa ulimi wake mwenyewe. Ami wa mayatima alikuwa mtu mpole, akasema, "Robo saa tu, na wewe ni jirani yangu. Mimi nimekwisha kusamehe."

Mzee akamjibu, "Wewe ni mtu mwema, bwana, lakini maji si yako hata uyasamehe. Ni ya watoto hawa."

Wakakubaliana kuwa robo ile irejeshwe katika zamu itakayofuata. Na kwa kuwa zamu hiyo ingeangukia mchana, na maji ya mchana huliwa na jua, mzee aliongeza robo nyingine juu yake. Arifu alimwambia kuwa hayo hakulazimishwa. Mzee akasema kuwa robo ya kwanza ni haki yao, na ya pili ni ihtiyati kwa ajili yake yeye, kwani hajui kiasi gani cha maji ya usiku kilichoingia katika shamba lake.

Walipokuwa njiani kurudi, kijana alisema, "Baba, hiyo ni nusu ya maji yetu. Mitende ya mwisho haitastahimili siku nane nyingine."

Mzee akasema, "Mtende ukifa hupandwa mwingine. Mimi nikifa na haki ya yatima, nani atanilipia?"

Zamu ilipofika, familia yote ilikwenda shambani kama kawaida yake. Wote walisimama wakayatazama maji yao yakiingia katika shamba la jirani kwa nusu saa nzima, binti mdogo akiwa na saa mkononi. Kisha wakafanya kazi kwa nusu saa iliyobaki. Hapakutokea ajabu yoyote. Mvua haikunyesha siku ile wala mwezi ule. Mtende mmoja wa mwisho wa shamba, wa zamani, ulikufa. Waliukata, wakalipasua gogo lake, wakaliweka juu ya mfereji liwe daraja. Wajukuu waliozaliwa baadaye, kila walipouliza gogo lile limetoka wapi, walihadithiwa.

HUKUMU ZILIZOMO KATIKA MFANO HUU

Kwanza, kuchukua maji ya zamu ya mwengine bila ya idhini yake ni kughusubu mali yake, hata ikiwa ni kwa dakika chache, na hata ikiwa mchukuaji ana haja. Dharura inayohalalisha ni ya kuokoa roho. Mwenye kiu ya kufa hunywa wala hapana wa kumzuia. Ama haja ya kuokoa mtende haihalalishi mali ya mtu. Mtume (S.A.W.) alipoletewa ugomvi baina ya az-Zubayr bin al-Awwam na mtu mmoja wa Kiansari juu ya mfereji wa Harra mjini Madina, alihukumu amwagilie kwanza az-Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, kisha awaachie maji jirani zake. Yule mtu aliposema maneno ya kuituhumu hukumu ile, Mtume (S.A.W.) alimpa az-Zubayr haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafikie kuta za bustani ndipo ayaachie. Basi kuna haki na kuna hisani. Hisani ni ya mwenye mali kuitoa kwa ridhaa yake, si ya mwengine kuichukua.

Pili, mali ya yatima ina ukali wake peke yake. Mwenyezi Mungu amewaonya katika Surat an-Nisaa, aya ya 10, wanaoila kwa dhulma kuwa wanakula moto matumboni mwao. Msimamizi wa yatima amepewa kuihifadhi na kuikuza mali hiyo, hakupewa kuigawa wala kuisamehe. Kwa hivyo neno la ami yule, ijapokuwa lilitoka katika moyo mwema, halikumwondolea kijana deni lake.

Tatu, toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ni kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirejea. Ama dhambi yenye haki ya mtu ndani yake, haitimii toba yake mpaka haki irejeshwe kwa mwenyewe, au mwenyewe aisamehe akiwa ni mwenye uwezo wa kusamehe. Hapa ndipo unapoonekana uzito wa itikadi ya Ahlul Haqq wal Istiqama. Imani kwao si neno la ulimi peke yake, bali ni kauli, itikadi na amali. Mwislamu anayefanya dhambi kubwa hakutoka katika mila ya Uislamu, lakini amekufuru neema, yaani ameitumia neema ya Mola wake katika kumwasi. Na akifa hali ya kuwa ameishikilia bila ya kutubia, hana tegemeo la kujidanganya nalo. Basi na azingatie mwenye akili: kijana yule alikuwa na maji, na afya, na macho ya kuisoma saa. Zote ni neema. Akazitumia usiku mmoja kinyume cha shukrani. Na baba yake hakumpenda kwa kumficha, bali alimpenda kwa kumrejesha.

Nne, sheria inalitambua jasho la mkulima. Zaka ya mazao yaliyonyweshwa na mvua, chemchemi na mito ni sehemu moja ya kumi. Ama yale yaliyomwagiliwa kwa tabu ya kuteka, kama kwa zijara, ambapo ng'ombe huvuta kamba na kukitoa kiriba kisimani, ni nusu ya hiyo, yaani sehemu moja ya ishirini. Katika haya mna dalili kuwa kila tone la jasho linajulikana kwa Mwenyezi Mungu na limetiwa katika hesabu. Na imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kuwa Mwislamu akipanda mti, chochote kitakacholiwa katika mti huo na mtu, ndege au mnyama huandikiwa yeye kuwa ni sadaka.

MAFUNZO KWA FAMILIA ZILIZO MBALI NA MASHAMBA

Huenda msomaji aliyeko Leicester, Toronto au Abu Dhabi akaona kuwa haya ni mambo ya watu wa mitende, naye hana mtende wala mfereji. Lakini kila nyumba ina falaji yake, na kila nyumba ina zamu ambazo mlango wake hauna kufuli.

Zamu ya kwanza ni wakati. Mwajiri akimlipa mtu kwa saa nane, naye akaziibia robo moja kila siku kwa ajili ya mambo yake, hiyo ni robo saa ya maji ya watu, awe mwajiri huyo ni Mwislamu au si Mwislamu. Na serikali ikitoa msaada kwa mwenye sifa fulani, asiye na sifa hiyo akaandika katika fomu kuwa anayo, hiyo pia ni kuzibua mlango usiku. Wapo wanaosema kuwa mali ya nchi za watu ni halali kwa namna yoyote itakavyopatikana. Neno hili ni batili. Mwislamu huingia katika nchi kwa ahadi, na kutekeleza ahadi ni wajibu, na Mtume (S.A.W.) alipohama Makka aliweka utaratibu wa kuwarejeshea amana zao watu wale wale waliokuwa wamemtoa katika mji wake.

Zamu ya pili ni ya watoto. Katika nyumba ile ya shambani mtoto wa miaka kumi alipewa saa ashike, na ukweli ulitoka kwake kwa sababu alizoea kuwa mmoja katika wenye kazi. Katika nyumba nyingi za ughaibuni mtoto hupewa kila kitu isipokuwa kazi. Baba hutoka kabla ya alfajiri akarudi usiku, mama naye ana kazi yake, na mtoto hukaa mbele ya kioo akihudumiwa kama mgeni. Kisha wazazi hushangaa akifika miaka kumi na minane hajui kutumikia wala kuamrishwa. Si lazima pawe na shamba. Nyumba ina vyombo vya kuoshwa, ina bibi mgonjwa wa kuangaliwa, ina pesa za sadaka za kuhesabiwa Ijumaa, ina sala tano zinazohitaji mtu wa kuwaamsha wengine. Na agawiwe kila mmoja zamu yake, na aheshimiwe kwa zamu hiyo. Imam Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, aliyewasomesha waliobeba elimu kuipeleka Oman, Maghrib na kwengineko, alijulikana kwa jina la al-Qaffaf, kwa sababu alikuwa akisuka vikapu. Mikono yake ilisuka na ulimi wake ulisomesha. Kazi haikuizuia elimu, wala elimu haikuitweza kazi.

Zamu ya tatu ni maji yenyewe. Israfu haikuruhusiwa hata katika ibada. Mwenye kutawadha kwa bomba lililofunguliwa mpaka mwisho, huku akizungumza na mwenzake, amemwaga bure kiasi ambacho kingelifikia shina moja la mtende katika mwaka wa ukame. Ni vyema mzazi amfundishe mwanawe kutawadha kwa kopo moja, na amweleze kwa nini.

Na zamu ya nne ni ujirani. Watu wa falaji hawapendani wote. Wapo waliogombana juu ya mipaka, juu ya mirathi, juu ya maneno. Lakini mfereji unapobomolewa na mafuriko ya wadi hutoka wote na majembe yao, kwani anayemchukia jirani yake hawezi kuyapata maji bila ya kupita kwake. Jamaa zilizo ugenini nazo ni hivyo hivyo. Wakiachana kwa sababu ya kabila, mji wa asili au uongozi wa chama, mfereji utaziba, na watakaokufa na kiu ni watoto wao.

Basi na ijulikane kuwa shukrani ya neema haipimwi kwa wingi wa kusema alhamdulillahi, ijapokuwa neno hilo ni tukufu. Hupimwa pale mtu anaposimama usiku mbele ya mlango wa jiwe na udongo, mitende yake inakauka, saa yake bado, wala hapana anayemwona. Akisubiri robo saa ile, ameshukuru. Na akiteleza, kisha akarejea mchana mbele ya watu na kukirejesha alichokichukua, naye pia amejiunga na wenye kushukuru, kwani Mwenyezi Mungu anawapenda wenye kutubia.

Ewe Mola, zitilie baraka nyumba za Waislamu popote zilipo, za mashambani na za mijini. Wajaalie wazazi wawe wakweli mbele ya watoto wao, na watoto wawe wema kwa wazazi wao. Uwanyweshe waja wako na wanyama wako, uihuishe ardhi iliyokufa, na uzihuishe nyoyo kama unavyoihuisha ardhi. Uwaepushe na kula haki ya yatima, jirani na mwajiri, na uwawezeshe kulipa walichonacho cha watu kabla ya siku ambayo hakulipwi kwa maji wala kwa dhahabu.

Na sala na amani zimshukie Mtume Muhammad, na ahli zake na masahaba zake wote. Amin.